CT skani katika saratani ya koo: inatafuta nini hasa?

Mtu ambaye sauti imemkwaruza kwa wiki kadhaa akiandikiwa CT skani ya shingo, nyumbani wote husubiri jibu moja: ni saratani au siyo? Kipimo hiki hakitoi jibu hilo. Linatoka kwenye biopsi, yaani kinyama kidogo kinachokatwa na kuchunguzwa maabara. CT skani huulizwa swali jingine: uvimbe umefika wapi?

Mashine yenyewe hupiga eksirei kwa kuzunguka mwili, kisha kompyuta hutengeneza picha za vipande vyembamba, mithili ya mkate wa slesi. Kwa shingo, mgonjwa kwa kawaida huchomwa mshipani dawa yenye ayodini ili uvimbe na mishipa ya damu vionekane vizuri. Ndiyo maana huulizwa kwanza kuhusu figo na mzio.

Chukua saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichopo kooni. Daktari akiingiza kamera kooni huuona uso wa kidonda, tena vizuri kuliko skani, kwani kidonda kidogo cha juujuu huweza kutoonekana kabisa kwenye CT. Asichokiona ni kilicho ndani. Je, uvimbe umeshuka chini ya nyuzi za sauti? Umeizingira ateri kubwa ya shingo? Umetoboa gegedu la kikoromeo na kutokea nje? Ukitoboa hivyo huhesabiwa T4, daraja la juu kabisa la kuenea kwa uvimbe wenyewe, na matibabu hubadilika: mara nyingi upasuaji wa kuondoa zoloto lote hupendekezwa, badala ya mionzi ya kujaribu kuliokoa.

Kisha kuna tezi za shingo, na hapa ndipo ripoti huhitaji kusomwa kwa tahadhari. Tezi inayozidi sentimita 1 hutiliwa shaka, hasa ikiwa imeoza katikati. Lakini tezi ndogo huweza kuficha saratani, na kwetu Afrika Mashariki kifua kikuu cha tezi huweza kuonekana vivyo hivyo. Tezi ya kutiliwa shaka huchomwa sindano ikapimwe.

CT pia huonyesha vyema mfupa wa taya ulioliwa, ila meno yaliyozibwa kwa madini huchafua picha. Kwa ulimi na neva, MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huiacha mbali. Kifua nacho mara nyingi hupigwa, kutazama kama ugonjwa umefika kwenye mapafu.

Wakichagua mionzi, mgonjwa hurudi kwenye CT akiwa amevaa barakoa ya plastiki inayomzuia kutikisika, na juu ya picha hizo ndipo wataalamu huchora mahali pa kupiga na pa kukwepa.