Dawa Iliyozimuliwa na Dhana Zinazoiandama

Wengi huamini kwamba anayezimua dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe anabana matumizi tu, na kwamba ubahili huo humwachia negativu hafifu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa. Ukweli ni kwamba weusi wa negativu hutokana na nguvu ya dawa pamoja na muda, kwa hiyo dawa nyepesi ikipewa dakika zaidi huweza kufikia kiwango kilekile. Rodinal, dawa ya Kijerumani iliyopo tangu mwaka 1891, haikukusudiwa kutumiwa bila maji: kwa kawaida sehemu moja huzimuliwa kwa sehemu 25 au 50 za maji, na wapo wanaofika 100.

Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloharibu filamu nyingi zaidi. Mtu hudhani kwamba muda mrefu hufidia kila kitu, ilhali dawa huliwa kadiri inavyogeuza chumvi za fedha kuwa fedha halisi, na ikiisha, kusubiri hakusaidii kitu. Tangi dogo la filamu moja ya milimita 35 huchukua takribani mililita 300. Kwa uwiano wa 1 kwa 100, ndani yake mna mililita 3 tu za Rodinal, wakati wasafishaji wengi waangalifu hawapendi kushuka chini ya 5, na Agfa, kampuni iliyoitengeneza, ilipendekeza 10. Suluhisho ni kutumia tangi kubwa zaidi au kupunguza maji. Kabla ya kusoma uwiano, basi, hesabu mililita za dawa yenyewe.

Husemwa pia kwamba kuzimua hulainisha punje, yaani chembechembe zinazoonekana kwenye picha. Mara nyingi huwa kinyume chake. D-76, dawa nyingine ya kusafishia filamu kutoka Kodak, ina gramu 100 za salfaiti ya sodiamu katika kila lita, na salfaiti hiyo huyeyusha kidogo kingo za chembe za fedha, ndiyo maana punje huonekana laini. Ukiongeza maji kwa kiasi sawa na dawa, uyeyushaji hupungua, punje hujitokeza zaidi, lakini kingo za picha huwa kali. Faida nyingine iko kwenye sehemu zilizopigwa na mwanga mwingi: hapo dawa nyepesi huchoka mapema, huku kwenye vivuli ikiendelea na kazi, na hivyo mawingu hayapotezi umbo lake.

Kutokana na hilo, baadhi huliacha tangi saa nzima bila kulitikisa, wakiamini kwamba utulivu huo hauwezi kuharibu kitu. Bromaidi inayotoka kwenye filamu huzuia usafishaji, nayo isipotawanywa huteremka na kuacha michirizi, hasa karibu na matundu ya pembeni. Ningeligeuza tangi taratibu angalau mara moja katikati ya muda.

Taa nyekundu nayo hailindi filamu nyingi za leo, kwa kuwa zinaiona rangi hiyo. Giza kamili lahitajika wakati wa kuiingiza filamu tangini, na baada ya hapo kazi yote hufanyika mwangani. Rodinal iliyogeuka rangi ya kahawia iliyokolea ndani ya chupa kwa kawaida bado hufanya kazi. Ile iliyokwisha kuzimuliwa haihifadhiwi kwa filamu ya kesho, hata kama bado inaonekana safi.