Sosi ya barbekyu ya kupika mwenyewe: siki kwanza, sukari baadaye

Watu wengi wakitaka kutengeneza sosi ya barbekyu nyumbani huanza na chupa ya kechapu. Wanamimina kwenye sufuria, wanatia sukari, wanakoroga, halafu wanashangaa mbona ina ladha ya kechapu iliyotiwa sukari. Ingekuwa na ladha gani nyingine? Kechapu ya kawaida huwa tayari na gramu 20 na ushei za sukari katika kila gramu 100, kwa hiyo ukiiongezea nyingine umeshaiharibu sosi kabla haijachemka. Kazi yangu ni michuzi na sosi, na kila anayeniuliza habari za hii humwambia aache kufikiria utamu, afikirie siki.

Sababu iko kwenye nyama yenyewe. Mbavu, mabawa ya kuku, bega lililochomwa taratibu kwa saa nyingi, vyote vina mafuta, chumvi na moshi. Ukivipaka kitu kitamu tupu, ukifika kipande cha pili unakinai. Uchachu ndio unaozima ule uzito wa mafuta mdomoni na kukufanya utamani kipande kingine. Marekani, ambako mabishano juu ya sosi hii hayaishi, jambo hilo linaonekana waziwazi. Mashariki mwa North Carolina sosi ni siki, chumvi na pilipili, nyepesi kama maji, na nyanya hawataki hata kuisikia. South Carolina wana ya njano ya haradali. Kaskazini mwa Alabama kuna nyeupe ya mayonezi, ambayo asili yake huhusishwa na Robert Gibson aliyefungua mgahawa mjini Decatur mwaka 1925. Kansas City wana ile nzito, nyekundu iliyokoza, yenye nyanya na molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki miwa ikitengenezwa sukari, na ndiyo chupa nyingi za madukani huiiga. Hazifanani kwa rangi wala kwa uzito wala kwa utamu. Kitu unachokikuta katika zote nne ni siki.

Nitaeleza ya mtindo wa Kansas City kwa kuwa ndiyo inayotafutwa zaidi, na pia ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Kwa sosi inayozidi nusu lita kidogo, andaa kitunguu maji kimoja cha wastani kilichokatwakatwa vidogo, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia, gramu 170 za nyanya nzito ya kopo, maji mililita 300, siki ya tufaha mililita 120 na nyingine kidogo ya kumalizia, gramu 100 za sukari ya kahawia, vijiko vikubwa viwili vya molasi na vijiko vikubwa viwili vya sosi ya Worcestershire. Viungo vikavu ni kijiko kikubwa kimoja cha paprika ya moshi (pilipili nyekundu iliyokaushwa kwa moshi na kusagwa), kijiko cha chai kimoja cha haradali ya unga, kimoja cha pilipili manga, kimoja na nusu cha chumvi, na pilipili kali ya unga kadiri unavyoivumilia. Sosi ya Worcestershire usiiruke kwa kudhani ni mbwembwe. Ndani yake mna ukwaju, siki, molasi na samaki wadogo wa anchovi waliochachushwa, na hao samaki ndio wanaoipa sosi yako ule utamu kama wa mchuzi wa nyama ambao sukari haiwezi kuuleta. Asiyekula samaki atumie sosi ya soya, ila apunguze chumvi.

Sufuria iwe ya stili au yenye enameli. Alumini tupu hupatana vibaya na asidi. Sosi inachukua ladha ya chuma.

Kaanga kitunguu kwa moto wa wastani mpaka kilainike na kianze kupiga rangi ya dhahabu pembeni. Tia kitunguu saumu, hesabu nusu dakika, kisha tia nyanya ya kopo yote kwa mara moja. Hapa ndipo ninapomwomba mtu asiwe na haraka. Nyanya ikiingia ni nyekundu ya kung'aa na ina ile harufu kali ya kopo. Iachie ikaangike, igeuze kwa mwiko wa mti, kwangua chini, iachie tena. Baada ya dakika tatu au nne inaanza kushika chini ya sufuria. Ukikwangua, kile kilichoshika kinatoka na rangi ya hudhurungi na kinajichanganya na mengine. Endelea. Nyekundu inageuka rangi ya tofali, mafuta yanajitenga pembeni, na harufu ya kopo inapotea, inakuja ya nyanya iliyochomwa. Kazi hii haiwezi kufanywa baadaye, kwa sababu ukishatia maji joto la sufuria halipandi tena zaidi ya nyuzi 100 na kidogo, na ule ukahawia wenye ladha unahitaji joto kubwa zaidi ya hilo. Anayeitupa nyanya kwenye maji moja kwa moja anaweza kuchemsha saa nzima na asiufikie.

Sasa tia viungo vikavu, isipokuwa chumvi, uvikaange sekunde 30 tu. Ladha na rangi ya paprika na ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana vinapita kwenye mafuta kwanza. Paprika huungua upesi ikawa chungu, kwa hiyo siki yako iwe imeshapimwa na iko mkononi. Mimina hiyo siki, kwangua sufuria vizuri, kisha fuatisha maji, sukari, molasi, Worcestershire na chumvi. Usiiname juu ya sufuria siki inapoingia. Mvuke wake unapanda puani na utakohoa.

Ikianza kuchemka punguza moto mpaka mapovu yawe ya hapa na pale, na uache hivyo dakika 25 hadi 30 ukikoroga mara kwa mara. Itarusha. Sosi nzito hufungia mvuke chini yake, na mvuke ukipata njia unatoka kwa mshindo pamoja na matone ya moto. Funika kwa kuacha nafasi kubwa, au weka chujio pana juu. Ukiifunika kabisa haitakazika.

Kuna wanaotia unga laini wa mahindi ili ikaze haraka. Mimi siuungi mkono. Sosi inapoteza mng'ao, na ikifika kwenye moto wa makaa inakuwa kama gundi. Nyanya na sukari zinatosha kuikaza zikipewa muda. Kumbuka tu kwamba ikipoa inakaza zaidi, kwa hiyo usiihukumu ikiwa bado sufuriani. Weka kisahani kwenye friji mapema, dondoshea kijiko kimoja cha sosi, subiri dakika, kisha pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi, imefika. Mchuzi ukirudi na kuifunika, bado.

Nao ulimi hauaminiki kitu kikiwa cha moto sana. Onja kile kilichopoa kwenye kisahani. Ikiwa imepooza, jaribu chumvi kidogo kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi watu huongeza sukari wakati kilichokosekana ni chumvi. Ikiwa tamu mno, tia siki, au haradali kidogo. Ikiwa kali ya siki hadi inakukunja uso, ngoja kwanza hadi kesho, maana ukilala nayo ule ukali hutulia. Ikiwa chungu, ama molasi ilizidi ama paprika iliungua. Ya molasi hurekebishika kwa chumvi na sukari. Ya paprika hairekebishiki, anza upya.

Ukishazima moto, tia kijiko kikubwa kimoja cha siki mbichi. Ile iliyochemka nusu saa imepoteza harufu yake nyingi hewani, na hiki kijiko cha mwisho ndicho kinachoiamsha sosi. Kama unaipenda laini, isage kwenye blenda, lakini ipoe kwanza, ujaze nusu tu ya jagi. Vya moto kwenye blenda iliyofungwa vinaweza kurusha kifuniko.

Kuhusu moshi: paprika ya moshi inatosha. Ule moshi wa maji wa chupani si uongo kama wengi wanavyofikiri, kwani hupatikana kwa kuupoza moshi wa kuni halisi hadi ugeuke maji, ila matone mawili yakizidi chakula chote kinanuka jivu. Kama makaa yamewaka, kuna njia bora zaidi: kipasue kitunguu, kilaze juu ya wavu mpaka kingo ziwe nyeusi, ndipo ukikatekate uanze kupika.

Kisha kuna suala la kupaka, ambalo huharibu kazi yote ya jikoni. Sukari ya kawaida huanza kuungua kuelekea nyuzi 160 za selsiasi, na ile iliyomo kwenye asali, fruktosi, huanza mapema zaidi, karibu na nyuzi 110. Wavu ulio juu ya makaa mekundu unapita nyuzi 200 bila shida. Ukimpaka kuku sosi tangu mwanzo, utapata ngozi nyeusi yenye uchungu na nyama mbichi ndani. Choma nyama na chumvi yake na viungo vyake vikavu mpaka ikaribie kuiva, kisha katika dakika kumi za mwisho paka tabaka jembamba, iachie ishike na ing'ae, geuza, paka tena. Tabaka mbili jembamba hushinda moja nene inayodondokea makaa na kuwasha ndimi za moto. Sosi ya kupaka iwe kwenye bakuli lake. Brashi iliyogusa nyama isiyoiva isirudi kwenye ile ya mezani, na kilichobaki bakulini hakirudishwi chupani.

Ya akiba itie kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, ipoe, iwekwe kwenye friji. Hukaa wiki tatu hadi mwezi. Siki inasaidia hapa pia: bakteria anayeleta sumu ya botulizimu hazaliani kwenye chakula chenye pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ya 4.6 au chini yake, na sosi hii yenye siki yake kamili inakuwa chini ya hapo. Ukipunguza siki kwa kuwa familia inapenda tamu, umepunguza na ulinzi, kwa hiyo pika kidogo na uimalize ndani ya wiki. Ikianza kutoa vipovu chupani au kifuniko kikivimba, itupe bila kuionja.