Leseni ya TV ni pesa gani hiyo, na kwa nini nyumba nzima ilipe?

Hapa Malindi ukimwambia mtu kuna nchi watu wanalipia kuwasha TV sebuleni mwao, atadhani unazungumzia dikoda, ile usipolipa mechi inakatika wakati timu yako ndio inaanza kushambulia. Sio hiyo. Dikoda ni biashara, unanunua chaneli, ukichoka unaacha kulipa, wanakukatia na mambo yanaishia hapo. Leseni ya TV ni ada ambayo sheria inaitoza nyumba za watu ili shirika la utangazaji la umma lipate kuendesha kazi yake, na utalipa hata kama hilo shirika lenyewe hulitazami, manake kinachotozwa sio kipindi ulichoangalia bali kule kutazama TV kwenyewe, au nchi nyingine kule kuwa kwako na uwezo wa kutazama. Ni kama mchango wa kisima cha mtaa, wewe una tangi lako la maji nyumbani lakini mchango unakufikia.

Nchi inayotajwa sana ni Uingereza. Aprili 2025 ada ilipanda ikawa pauni 174.50 kwa mwaka, yaani kama elfu thelathini hivi za kwetu, kwa nyumba moja. Pesa nyingi zaidi zinakwenda BBC. Ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote ile, hata sio ya BBC, hata kwenye simu, unatakiwa uwe na leseni, na tangu Septemba 2016 ukitazama chochote kwenye iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, pia unatakiwa uwe nayo hata kama kipindi kilishapita jana. Ukikamatwa huna, mahakama inaweza kukupiga faini hadi pauni 1,000. Kipofu analipa nusu. Wazee wa zaidi ya miaka 75 walikuwa hawalipi, lakini tangu Agosti 2020 ni wale tu wanaopata msaada wa pensheni kwa sababu ya kipato kidogo. Na cha kuchekesha, bado kuna leseni ya bei rahisi ya TV isiyo na rangi, na bado kuna watu wanailipia!

Ilianza na redio, 1922, shilingi kumi za Kiingereza kwa mwaka. TV ikaja na leseni yake 1946, ya rangi 1968, na ile ya redio peke yake ikafutwa 1971. Wazo lenyewe halikuwa baya hata kidogo. Kituo cha utangazaji lazima kilishwe na mtu, na wa kukilisha ni mmoja kati ya hawa watatu, hazina ya serikali, wenye matangazo ya biashara, au wasikilizaji wenyewe. Kikilishwa na serikali kitaogopa waziri, kikilishwa na matangazo kitaogopa kampuni ya sabuni, kwa hivyo wakasema wasikilizaji ndio wakilishe ili asipatikane mtu mmoja wa kupiga simu na kusema ile habari msiisome. Tatizo ni kwamba kiwango cha hiyo ada kinapangwa na serikali hiyo hiyo, na mwaka 2022 iliamua kukizuia pale pale pauni 159 kwa miaka miwili, kwa hivyo uhuru upo lakini kamba yake wameishika wakubwa.

Na sisi tumo humo ndani bila kujua. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957 na kwa miaka mingi ilikuwa inalipiwa na wizara yao ya mambo ya nje, halafu 2014 huduma zote za lugha za nje zikahamishiwa kwenye pesa za leseni, ingawa baadaye serikali ikarudi kuongezea kidogo. Kwa hivyo mzee wa mtaa wa Barani hapa Malindi anayefungulia taarifa ya jioni kuna bibi mmoja huko Liverpool amemlipia, na huyo bibi hana habari kuwa Barani ipo. Wallahi mimi hilo nalipenda. Wajerumani wao wamefanya tofauti, Deutsche Welle ya Kiswahili inatoka kwenye bajeti ya serikali kuu, sio kwenye ada ya nyumba.

Ila kwa watu wa Malindi mfano ulio karibu zaidi ni wa Italia. Muulize Mtaliano yeyote aliyekaa hapa kuhusu canone uone uso wake. Ni ada ya shirika lao la RAI, ipo tangu 1938 enzi za redio, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanaikwepa tu, mtu anasema mimi sina TV na nani ataingia kuangalia. Mwaka 2016 serikali ikawazunguka, ikaitia ndani ya bili ya stima. Sheria ikasema nyumba unayoishi ikiwa na stima basi tunahesabu ina TV, kama huna wewe ndio uje utoe tamko rasmi, na tamko lenyewe unalirudia mwaka hadi mwaka. Ada ikashushwa baadaye kuwa euro 90, inakatwa kidogo kidogo miezi kumi, na waliokuwa wanakwepa wakajikuta wanalipa.

Hapo ndipo mimi naona kiini cha jambo lote, kwamba ugomvi mkubwa sio ada bali ni vile inavyokusanywa. Uingereza wanatuma barua kisha wanatuma mtu kugonga mlango, na kwa sababu mchana anayekuwepo nyumbani mara nyingi ni mwanamke, wengi wanaofikishwa mahakamani kwa kosa hili ni wanawake, jambo ambalo limewapigisha kelele miaka na miaka. Ujerumani waliona huo usumbufu wa nini, tangu 2013 kila nyumba inalipa, uwe na TV usiwe nayo, sasa ni euro 18.36 kwa mwezi, watu wakaenda mahakama ya katiba na 2018 wakaambiwa ni halali. Uswisi mwaka huo huo wakapiga kura waifute au waiache, na saba katika kila kumi wakasema iachwe. Ufaransa wakaifuta 2022, ilikuwa euro 138. Afrika Kusini ipo, randi 265 kwa mwaka, ila walio wengi hawalipi na hakuna anayeweza kuwafanya kitu.

Sasa kwetu. Kenya leo hakuna leseni ya TV ya nyumba. KBC, shirika la utangazaji la serikali, inaishi kwa pesa za hazina na matangazo, kwa hivyo usidanganyike kwamba ni ya bure, unailipia kwenye kodi ya sabuni. Na kulishwa na hazina tumekuona matokeo yake, tangu 1964 likiitwa Sauti ya Kenya hadi likawa KBC 1989, taarifa ya habari inaanza na Mtukufu Rais leo amefanya hivi, Mtukufu Rais leo amekwenda pale, mpaka unauliza kwani nchi haina watu wengine. Kipengele cha 34 cha katiba ya 2010 kinasema vyombo vya serikali viamue vyenyewe vitangaze nini, visipendelee na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Kimeandikwa vizuri sana.

Kuna watu wanasema basi tufanye kama Italia, itiwe kwenye tokeni. Hebu kwanza fungua meseji ya tokeni uliyonunua juzi usome hadi chini. Kuna pesa uliyotoa, kuna pesa iliyonunua stima yenyewe, na kuna ile laini ya makato mengine ambayo ndani yake kuna kodi, kuna mchango wa stima za vijijini, kuna mafuta, kuna kupanda kwa dola. Ukiongeza na TV hapo juu mama wa mahamri wa Muyeye anayenunua ya shilingi hamsini atapata uniti ngapi? Halafu nyumba zetu hizi, korido katikati na vyumba sita vya kupangisha, mita moja ya mwenye nyumba, TV ziko vyumba viwili, redio moja, wengine wana simu tu na bando la siku, hapo nani ndiye "nyumba"? Mwenye mita atawagawia wote, wasio na TV pia, na mzozo utakuwa wake.

Mimi ada moja sawa kwa kila nyumba siikubali. Mwenye villa mtaa wa Casuarina na yule mama wa mahamri kulipa kiasi kimoja ni dhuluma hata uipambe vipi. Lakini kusema tuviache vituo vya biashara pekee pia siwezi, kwa sababu hakuna kampuni ya sabuni itakayolipia dakika tano za kumwambia mvuvi wa Mayungu au Ngomeni kwamba kesho bahari si ya kuingia, au kuwatangazia watu wa kandokando ya Sabaki mto unapanda. Hiyo ni kazi ya Pwani FM, redio ya KBC ya huku pwani, na wenzake, na lazima ilipiwe. Finland wamefanya la maana zaidi, tangu 2013 ni kodi inayofuata kipato cha mtu, wa chini kabisa halipi kitu, na pesa inakwenda kwenye mfuko wake pembeni ya bajeti ya kawaida. Sisi tungeanzia hapo, kwenye huo mfuko wa pembeni, kabla hatujagusa mita ya mtu.

Na kwa mwenye ndugu aliyehamia Uingereza anapokea zile barua za vitisho zilizoandikwa kwa "mkaaji wa nyumba hii", mwambie asiogope na asizitupe. Kama anatazama Netflix na video za YouTube tu, bila matangazo ya moja kwa moja na bila iPlayer, hahitaji leseni, aingie kwenye tovuti ya leseni atoe taarifa kuwa haihitaji. Kama amepanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi na ana mkataba wake peke yake, leseni ya jirani haimfuniki, akitazama anatakiwa awe na yake. Wakiwa wamesaini mkataba mmoja wote, moja inawatosha.