Zao la kufunika ardhi: maana yake na namna ya kulichagua

Zao la kufunika ardhi ni mmea unaopandwa kwa ajili ya udongo wenyewe, si kwa ajili ya chungu wala soko. Katika nchi za baridi, kama Uingereza, hupandwa kabla ya majira ya baridi ili bustani isilale tupu, na baadhi ya mimea hiyo huuawa na jalidi, yaani baridi ya kugandisha, bila mkulima kushika panga.

Unguja na Pemba hakuna jalidi. Kinachoiharibu bustani tupu huku kwetu ni mvua ya masika, ya Machi hadi Mei, ambayo huuchukua udongo wa juu na kuizamisha rutuba chini kusikofikiwa na mizizi. Asiyeamini na asimame mtelemkoni Pemba baada ya mvua kubwa, ayatazame maji yanavyoshuka mekundu. Kwa kuwa tungule (nyanya) haziiwezi mvua hiyo, wapo wanaoviacha vitalu vitupu wakisubiri kipupwe, na muda huo ndio hasa wa kufunika.

Kunde ndizo hutajwa mwanzo, na kwa haki, kwani huota upesi na majani yake ni mboga. Ukiung'oa mche mmoja utaona vinundu mizizini. Kimoja ukikipasua kwa ukucha na ndani kikawa chekundu, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mimea. Vinundu hivyo hubanduka kwa kidole. Mafundo yasiyobanduka, ambapo ni mzizi wenyewe uliovimba, ni dalili ya minyoo fundo, minyoo wadogo mno wa udongoni wanaoishambulia mizizi, na bustani ambayo bamia na tungule zake zimekuwa zikitoka hivyo haifai kupandwa kunde, kwa sababu aina nyingi za kunde huwalea minyoo hao. Hapo mimi ningechagua marejea, mmea mwingine wa jamii ya kunde, ambayo mizizi yake haiwapi nafasi nzuri ya kuzaliana, ingawa mwenye mbuzi ajue kwamba mbegu za baadhi ya marejea zina sumu kwa mifugo. Upupu nao hufunika ardhi, lakini hata ule usiowasha hutambaa mno kwa bustani ya uani.

Zao lolote kati ya hayo likatwe linapoanza kutoa maua, kwani likiachwa likomae, sehemu kubwa ya naitrojeni huhamia kwenye mbegu. Mizizi ibaki ardhini, mabua yalazwe juu ya kitalu kwa wiki 2 au 3, kisha miche ya tungule ipandwe humo humo katikati ya majani makavu.