Je wajua? Kamati ya maadili hospitalini haiamui nani aishi, ila zamani kuna moja iliamua

Ukisikia hospitali ina kamati ya maadili unaweza kudhani ni ya manesi wenye majibu mabaya au madaktari wala rushwa, wengine wanawaza zile za kupitisha tafiti. Hii ni nyingine. Inaitwa pale mgonjwa yuko kitandani, uamuzi ni mgumu na watu hawaelewani: daktari anaona mashine haimsaidii tena, mtoto mmoja anataka itolewe, mwingine anasema haiguswi, na mwenyewe hawezi kuongea.

Sasa hao ndo wanaamua nani afe? Hapana, ila swali lina msingi wake.

Mwaka 1960 kule Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alibuni kamrija kanachobaki mkononi mwa mgonjwa ili damu isafishwe kwa mashine tena na tena bila kutoboa mshipa mpya kila safari, na mtu ambaye figo zimekufa kabisa akaanza kuishi. Shida ni kwamba mashine zilikuwa za kuhesabu, wagonjwa kibao. Ikaundwa kamati ya watu saba, mchungaji, mwanasheria, mama wa nyumbani, mtu wa benki na wengine, daktari mmoja tu, majina yao siri, wakawa wanachagua nani aingie kwenye mashine kwa kuangalia umri, kazi, pesa, watoto wangapi, hata kama mtu ni wa kanisani. Jarida la Life likawaanika 1962 na watu wakaja kuiita kamati ya Mungu. Sidhani walikuwa na roho mbaya, ila walipewa kazi ya kupima thamani ya binadamu, na hiyo hakuna anayeiweza. Mwaka 1972 bunge lao likapitisha serikali ilipie dialisisi, yaani huko kusafishwa damu kwa mashine, kwa karibu kila anayehitaji.

Kamati tunazoziona leo zilipata nguvu kwa kesi nyingine, ya binti wa New Jersey, Karen Ann Quinlan, aliyeingia koma, yaani alipoteza fahamu asiamke, 1975 akiwa na miaka 21. Wazazi wake, Wakatoliki wa kweli kweli, waliomba mashine ya kupumulia itolewe, madaktari wakagoma. Kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, na 1976 majaji wakampa baba haki ya kuamua kwa niaba ya binti, ila wakataka kamati ya maadili ya hospitali ikubali kwanza kwamba hakuna tumaini la fahamu kurudi. Mashine ikatolewa, na kumbe binti akapumua mwenyewe, akaishi hadi 1985! Ndo ujue hata wataalamu hawaoni kila kitu.

Siku hizi kazi yenyewe ni ya kushauri tu. Kwenye hospitali nyingi za Marekani nesi anaweza kuwaita, ndugu anaweza, mgonjwa pia, na mara nyingi hulipi kitu. Mshauri kutoka kwenye kamati anasoma faili, anakaa na kila upande, anauliza maswali ambayo kwenye kelele za ICU, wodi ya mahututi, yamesahaulika: mgonjwa mwenyewe aliwahi kusema nini kuhusu mashine? Nani kisheria anamsemea? Mara nyingi unakuta ugomvi sio wa maadili kihivyo, ni kwamba daktari wa asubuhi kasema hivi na wa jioni kasema vile, familia ikachanganyikiwa. Mwisho anaandika ushauri, uamuzi unabaki kwa mgonjwa au anayemsemea pamoja na daktari.

Kesi ninayoipenda ni ile ya familia inayomwambia daktari "usimwambie mama ana kansa, atakufa kwa mawazo". Daktari anaona huko ni kumdanganya mgonjwa, watoto wanaona ndo kumpenda mama yao. Mshauri mzuri hachagui upande. Anaenda kwa mama, anamuuliza taratibu: majibu yakitoka, ungependa uambiwe wewe au tuongee na watoto? Kuna anayesema niambieni mimi, mwili ni wangu. Na kuna anayesema ongeeni na mwanangu mkubwa, mimi niacheni nipumzike, na hapo mwana ataambiwa kwa sababu mama kataka hivyo, inaandikwa kwenye faili na kazi inaendelea.