cc za chensoo ni nini, na gogo gumu linataka ngapi?

Ukiingia duka la mashine Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, ukauliza chensoo, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Unataka ya inchi ngapi, bosi?" Muuzaji hana nia mbaya, ila ameanzia mwisho. Inchi ni urefu wa ule upanga wa chuma ambao cheni inauzunguka. Upanga ni kipuri tu: unafungua nati, unatoa huu, unaweka mwingine. Injini hubadilishi. Kwa anayepunguza matawi ya mwarobaini uani kwake Tegeta, jambo hili halina uzito. Kwa anayenunua mashine hapa mjini akafanyie kazi Kilwa au Liwale, kwenye magogo ya mninga na mkongo, ndilo linaloamua kama mashine itamaliza msimu au itaungua pistoni kabla hajarudisha hela yake.

Injini hiyo hupimwa kwa cc, yaani sentimita za ujazo. Ni nafasi ambayo pistoni inaipita ndani ya silinda ikitoka chini kabisa hadi juu kabisa. Nafasi ikiwa kubwa, mchanganyiko mwingi zaidi wa petroli na hewa unaungua kila mara na cheni inavutwa kwa nguvu zaidi. Chensoo za petroli karibu zote zina injini za 2T (mipigo miwili), ambazo huwasha kila mzunguko mmoja wa kranki, wakati injini ya 4T (mipigo minne) huwasha kila mizunguko miwili. Ndiyo maana mashine ya cc 72, ambayo ni ndogo kuliko injini ya bodaboda ya kawaida, inatoa nguvu za farasi zaidi ya 5.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe ukijua vipimo viwili, kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Chukua nusu ya kipenyo, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha kwa mwendo. Stihl MS 381, kwa mfano, ina silinda ya milimita 52 na mwendo wa milimita 34. Yaani 26 mara 26 mara 3.14 mara 34, unapata kama 72,170. Gawanya kwa 1,000 uingie kwenye sentimita za ujazo: cc 72.2, namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

Nimeiweka hesabu hii kwa makusudi. Kuna maboksi mengi madukani yameandikwa cc 58, na mengine yanapanda hadi cc 62, juu ya mashine ambazo ukizifungua ni injini ileile moja. Silinda yenye kipenyo cha milimita 45 na mwendo wa milimita 34 inatoa cc 54, na stika haiwezi kuiongezea hata moja. Kama kitabu cha mashine hakisemi kipenyo na mwendo, na muuzaji naye hajui, ichukulie namba ya boksi kama tangazo.

Namba ya pili ya kutazama ni kilowati. Watu wengi wanadhani cc na nguvu ni kitu kimoja, na hapo ndipo wanapopotea. Ile Stihl 070 ya zamani, ambayo wachanaji mbao wa nchi nyingi za joto wanaijua vizuri, ina cc 105.7 na inatoa kilowati 4.8. MS 661, ambayo ni ya kizazi kipya, ina cc 91 tu lakini inatoa kilowati 5.4. Tofauti iko kwenye kasi. Injini ya zamani inazunguka polepole na inavuta kwa msukumo mzito. Mpya inazunguka haraka na kutoa nguvu zaidi kwa kila cc. Kwa kukata gogo kukingama, ya haraka inashinda. Kwa kuchana mbao kutwa nzima kwenye joto, bado utawakuta watu wasiotaka kuiachia 070 yao, na mimi siwezi kuwaambia wamekosea, ingawa inazidi kilo 10 kabla hujaifunga upanga.

Kwa hiyo cc inakuambia ukubwa wa injini, kilowati zinakuambia inafanya nini na ukubwa huo. Soma zote mbili. Ukipewa cc bila kilowati, shuku.

Sasa, mti mgumu unadai nini hasa? Tazama upanga wa inchi 20 wenye cheni ya saizi ya 3/8 (kipimo cha nafasi kati ya viungo vyake, kwa inchi). Cheni hiyo huwa na viungo vya kuvutia 72, vile vinavyopita ndani ya mfereji wa upanga, na meno 36. Upanga wote ukizama ndani ya gogo, meno yapatayo 13 yanang'ata kwa wakati mmoja, na injini inayavuta yote. Kwenye mbao laini kama paini ya shamba la miti la Sao Hill, kila jino linachukua kipande chake na kupita. Kwenye mkongo, ambao watu wa Pwani huuita mbambakofi, kipande kilekile kinahitaji nguvu kubwa zaidi kung'oka, kwa sababu mti una nyuzi nyingi zaidi zilizoshonana katika nafasi ileile. Paini kavu ina uzito wa kilo 450 hadi 500 kwa mita moja ya ujazo. Mninga unakaribia 650, mkongo kama 800, na mpingo unazidi 1,200, ndiyo sababu mpingo ukiutupa majini unazama.

Injini ndogo ikikutana na meno 13 yaliyong'ata mkongo, mlio unashuka, cheni inapunguza mwendo, na mkataji anafanya ambacho kila mtu angefanya: anaegemea mashine kwa uzito wa mwili. Cheni inakaribia kusimama huku injini imefunguliwa hadi mwisho. Klachi inateleza, joto linapanda, na plastiki iliyo karibu na klachi inaanza kulainika. Mashine nyingi zinazoletwa kwa fundi zikiwa "zimekata pumzi" zilifia hapo. Hazikuwa mbovu. Zilifungwa upanga wa inchi 22 wakati injini yake ilistahili inchi 16.

Vipimo ninavyovitumia kwa mti mgumu ni hivi, na ni desturi ya kazi, si sheria ya Bunge. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 hadi 50 linataka injini ya cc 55 hadi 70, upanga wa inchi 16 hadi 20. Likifika sentimita 50 hadi 75, cc 70 hadi 80 na upanga wa inchi 20 hadi 25. Zaidi ya hapo unaingia kwenye mashine za cc 90 kwenda juu, kama MS 661 au Husqvarna 395 XP yenye cc 93.6, ambazo zinabeba inchi 25 hadi 36 bila kulalamika. Kwa paini unaweza kushuka ngazi moja. Kwa mkwaju mzee au mpingo, usishuke hata kidogo.

Mtu mwenye bajeti ya mashine moja tu, na kazi ya kuchanganya magogo ya kati na makubwa, ningemwambia anunue ya cc 70 na kitu, aifunge upanga wa inchi 20. Inchi 20 ni kama sentimita 50, na kwa kukata upande huu kisha kuhamia upande wa pili, gogo la sentimita 80 linakatika. Upanga mfupi kwenye injini yenye nguvu unakata haraka, unanoleka haraka kwa sababu meno ni machache, na hauchimbi mchanga ovyo kwa ncha yake. Upanga mrefu kwenye injini dhaifu unapendeza dukani tu. Kama kuna siku chache za mwaka unazohitaji urefu zaidi, nunua upanga wa pili na cheni ya kuruka, ile yenye jino moja kila baada ya viungo vitatu badala ya viwili. Meno yanayong'ata yanapungua kwa theluthi, na injini inapumua.

Kuchana mbao ni habari nyingine. Ukikata gogo kukingama, meno yanakata nyuzi. Ukilichana kwa urefu, meno yanazikabili nyuzi kwa vichwa vyake, mkato ni mrefu, na injini inakaa kwenye mzigo kamili kwa dakika nyingi bila kupumzika. Cheni ya kawaida inanolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi; ya kuchana hunolewa kwa kama digrii 10. Hapa injini ya cc 70 inafanya kazi lakini inateseka. Kama mbao za kuwauzia mafundi seremala wa Keko ndiyo biashara yako, anza kuhesabu kuanzia cc 90.

Kabla ya kuilaumu cc, lakini, angalia cheni. Mashine ya cc 50 yenye meno makali itaiacha ya cc 90 yenye meno butu. Tazama kinachotoka: ukiona vipande vyenye umbo, cheni inakata, ukiona vumbi laini, cheni inasugua na wewe unachoma petroli bure. Miti yetu ina hila zake. Mvule hujijengea mawe ndani ya shina, madonge ya chokaa ambayo kwa nje huyaoni, na ukiyagusa, meno yote yanakufa kwa sekunde moja. Mtiki hauna mawe hayo, ila una silika ndani ya nyuzi, inayolegeza makali taratibu mpaka unashtuka gogo la tatu halikatiki. Dawa ni tupa ya mviringo ya saizi sahihi, milimita 5.2 au 5.5 kwa cheni ya 3/8, na kunoa kila unapojaza tenki, usisubiri cheni igome. Kile kidole kifupi kilicho mbele ya jino, kinachopima jino lizame kiasi gani, kiache chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Wapo wanaokisaga sana wakidhani mashine itakula zaidi. Kwenye mti mgumu itakula, itajikwaa, na itakurushia.

Kwa kuwa nimetaja kurusha: ncha ya juu ya upanga ikigusa mti, mashine inaruka kuelekea usoni, na kadiri injini ilivyo kubwa ndivyo inavyoruka kwa nguvu. Breki ya cheni, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ijaribu kabla hujalipa. Ukisukuma mbele, cheni isimame papo hapo. Kukata kwa kandambili, ambako tunakuona kila siku, hakuhitaji maelezo.

Petroli changanya na oili ya 2T, mililita 20 kwa lita moja kama kitabu kinasema 50 kwa 1, mililita 40 kama kinasema 25 kwa 1. Oili ya kulainisha cheni ni tofauti, na oili chafu iliyomwagwa kutoka gereji si oili ya cheni, hata kama ni ya bure. Ina chembe za chuma, na pampu ni ndogo.

Ukinunua mashine iliyotumika, usiridhike na kuwaka. Inyanyue kwa kishikio cha kamba ya kuwashia, injini ikiwa imezimwa. Yenye mgandamizo mzuri itashuka kwa kusitasita. Iliyochoka itaporomoka moja kwa moja. Kisha omba silensa ifunguliwe, umulike pistoni kwa tochi ya simu kupitia tundu la moshi. Pistoni safi ina mng'ao mmoja wa kijivu. Ukiona michirizi ya wima, hiyo ilishakosa oili, na bei yake ni bei ya vipuri. Muuzaji akikataa silensa isifunguliwe, keshakujibu.

Jambo la mwisho la kuuliza dukani ni kama pistoni, cheni na klachi ya mashine hiyo vinapatikana hapa mjini leo, siyo "tutakuagizia". Na kwa miti ya asili kama mninga na mpingo, anzia kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) upate leseni ya kuvuna, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haiulizi mashine yako ina cc ngapi, na mbao zisizo na hati ya kusafirishia hazivuki kizuizi cha barabarani.

Chensoo za betri nazo zimeanza kuonekana. Hazina cc kabisa, hivyo hesabu yote hii haizihusu. Linganisha kilowati tu, na uliza betri moja inakata magogo mangapi ya mti mgumu kabla ya kurudi kwenye chaji. Kwa miembe ya uani zinafaa. Kwa mkongo wa Liwale, ambako umeme wa kuchajia uko mbali na gogo, bado.