Mshauri wa tija: anatafuta nini kiwandani?

Msimu wa karafuu ukishika Pemba, swali la kila jioni ni moja: "Leo mmechuma pishi ngapi?" Ni swali zuri, ila linapima uzalishaji tu. Tija huuliza zaidi. Pishi hizo zimechumwa na watu wangapi, kwa siku ngapi, na ngapi kati yake zimefika mizanini zikiwa kavu na zenye rangi yake? Mtu anayeishi kwa kuuliza maswali ya namna hiyo viwandani, migodini na kwenye mitambo ya gesi, kisha akakaa na wenyewe mpaka majibu yabadilike, ndiye mshauri wa tija. Kwenye matangazo ya zabuni huitwa mshauri mwelekezi, lakini jina hilo hubeba pia msanifu wa barabara na mpimaji wa mazingira, kwa hiyo hapa tuliache.

Kazi yake yote inazunguka jambo moja: kutafuta mahali kazi inapobanwa.

Tuseme shamba lina wachumaji sita, kila mmoja pishi nane kwa siku. Jumla 48. Jioni karafuu zinamwagwa ukumbini, na watu wanne wanakaa kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, mpaka usingizi uwaelemee. Kila mmoja anamaliza pishi tisa, yaani 36. Pishi 12 zinalala zimerundikwa, mbichi. Kesho yake zinakuja nyingine 48. Karafuu mbichi iliyorundikwa haingoji mtu: inapata joto, inachacha, na hata ukiianika baadaye inatoka imepauka, haina ile rangi ya kahawia anayoitaka mnunuzi.

Mwenye shamba anaona mikarafuu bado imejaa, anaajiri wachumaji wawili zaidi. Anawalipa kwa pishi, na rundo la karafuu zinazochacha linazidi kukua. Fedha imetoka ili hasara iongezeke. Angemhamisha mchumaji mmoja tu akachambue, zingechumwa pishi 40 na kuchambuliwa 45, na hakuna ambayo ingelala. Angechuma pungufu akauza zaidi. Wanawake waliokaa juu ya jamvi lile wanalijua hili tangu zamani. Ni vile hakuna anayewauliza.

Kiwandani mambo ni yale yale, ila kelele ni nyingi zaidi. Chukua kiwanda cha kubuni cha mafuta ya makonyo. Makonyo yanajazwa tangini, mvuke wa boila unapitishwa, unabeba mafuta, unapozwa, kisha mafuta yanatengana na maji. (Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama chini, mgeni aliyezoea ya nazi hushangaa.) Tangi linapikwa saa 10, halafu zinakwenda saa nne kulipakua na kulijaza tena. Uongozi unataka kununua tangi jipya. Mshauri, kijana wa miaka thelathini hivi, hafungui kompyuta. Anakwenda kwa mtunza boila.

"Shikamoo mzee. Hii boila inakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Boila haina neno. Mie nangoja toroli."

Toroli ni moja, na ghala la makonyo liko upande wa pili wa uwanja. Kwa toroli ya pili na magunia yaliyopimwa mapema na kusogezwa karibu, saa nne zinaweza kuwa mbili. Wiki ina saa 168. Kwa mzunguko wa saa 14, tangi linapika mara 12. Kwa saa 12, linapika mara 14. Mapishi mawili zaidi kila wiki, kwa bei ya toroli.

Washauri wana kipimo kinachoumbua viwanda vingi, kilichoenezwa na Mjapani Seiichi Nakajima. Unazidisha sehemu tatu: muda ambao mtambo umefanya kazi kweli, kasi yake ukilinganisha na inayotakiwa, na kiasi cha bidhaa kilichotoka kizima. Kila moja ikiwa asilimia 90, meneja anaona mambo safi. Zizidishe: zinabaki kama 73.

Wafanyakazi wakimwona mtu na saa mkononi hununa, na wana sababu. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani anayehesabiwa baba wa kazi hii, alijisifu kwamba kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem alimtoa mtu kutoka kubeba tani 12 na nusu kwa siku hadi 47 na nusu. Ujira ulipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Mzigo karibu mara nne, malipo hayakufika hata mara mbili. Mwaka 1911, wafanyakazi wa karakana ya silaha ya Watertown, huko huko Marekani, waligoma kwa ajili ya saa hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, mshauri anayempima mtu kabla ya kuipima njia anayopitishwa amekosea mlango.

Wengi huingia kazi hii wakiwa wahandisi au wahasibu. Huanza na kukusanya takwimu, zamu za usiku zikiwemo, baadaye husimamia timu, na wachache huishia kuwa wabia wa kampuni. Mzanzibari akitaka migodi ya dhahabu itambidi avuke aende Bara, Geita au Kahama.

Ripoti ndiyo sehemu rahisi. Kazi inaonekana akirudi baada ya miezi mitatu, anamkuta yule mzee amekaa pale pale kando ya boila.

"Toroli ya pili iko wapi, mzee?"

"Wameiazima watu wa ujenzi."